Saa ya Mzee Maganga

Mwalimu Theopista hakuwa mtu wa kupaza sauti, na kwa mwalimu mwenye watoto mia moja na saba katika darasa la pili, hilo peke yake lilitosha kumfanya asemwe. Wenzake walikuwa wakipita dirishani kwake na kuchungulia, kuhakikisha kama kweli yumo. Alikuwamo. Mara nyingi alikuwa amechuchumaa katikati ya watoto, sketi imejaa vumbi la chaki, anakata kandambili kuukuu kwa wembe.

Kandambili hizo zilikuwa mishale ya saa. Sura za saa zilikuwa vifuniko vya ndoo za rangi alivyookota kwa mafundi, maana Katoro haipiti wiki bila mtu aliyepata dhahabu kuanza kujenga, na mwingine aliyeishiwa kuiacha nyumba kwenye lenta. Kila kifuniko alikitoboa katikati kwa msumari wa moto, akaandika namba moja hadi kumi na mbili kwa wino mzito, akaibana mishale miwili kwa waya wa kufungia nondo. Alikuwa navyo ishirini na sita. Mumewe Boaz, makanika wa karasha za kusagia mawe ya dhahabu, alizoea kumtania kwamba wenzake wana wake wanaoomba vitenge, wa kwake anaomba vifuniko. Hata hivyo waya wote ni yeye aliyeukata.

Theopista alizaliwa Ushirombo, mtoto wa sita katika nyumba ya wakulima waliosali rozari kila jioni. Alianza kazi kule Chato, shule ambayo nusu ya darasa ilikuwa ikikosekana siku dagaa wakikubali, kisha akamfuata mume Katoro, na shule ya hapo, nje kidogo ya mji, ikamkalisha darasa la pili miaka tisa mfululizo. Wengine huomba kupanda madarasa ya juu, wakafundishe watu wanaojua kufunga kamba za viatu. Yeye hakuomba.

Sasa, mada ya saa walimu wengi huipitia mbiombio. Huchora duara ubaoni, wakauliza "Saa ngapi?", darasa likaitikia chochote, kengele ikalia, wote wakashukuru Mungu. Theopista aliipa wiki tatu nzima. Watoto wake wengi walikuwa wakiishi kwa saa za watu wengine: baba yuko chini kwenye duara, shimo la dhahabu, tangu jana, mama yuko mwaloni anaosha mchanga wa dhahabu, kaka yuko kijiweni na bodaboda. Aliamini kwamba mtoto anayejua saa ana kitu kimoja hapa duniani ambacho hahitaji kumngoja mtu mzima, na imani hiyo hakuipata chuoni.

Ugumu wake kila mtu anaujua na hakuna anayejisumbua kuusema. Saa tunayotundika ukutani ilitengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu katikati ya usiku, na sisi tunaanza na jua. Mshale mfupi unakaa kwenye saba, mdomo unasema saa moja. Kwa mtu mzima hilo si neno. Lakini mchukue mtoto wa miaka minane anayezungumza Kisukuma nyumbani na kuokota Kiswahili shuleni, mfundishe miezi sita kwamba hii ni saba, akubali, kisha mwambie mshale ukiwa hapo atamke moja. Atakutazama kwa huruma.

Ndipo Theopista alipobuni mchezo wa Vuka. Alichora duara kubwa uwanjani kwa majivu, akaweka namba kumi na mbili kuzunguka, akamsimamisha mtoto mmoja katikati kuwa mshale mfupi. Mtoto ananyoosha mkono kwenye namba, tuseme saba. Darasa zima linapiga kelele, "Vuka!" Naye anageuka na kukimbilia namba iliyo upande wa pili, anakuta moja, wote wanaitikia, "Saa moja!" Siku ya kwanza walivuka hadi wakavunja uzio wa bustani ya shule. Siku ya nne hakuna aliyekosea isipokuwa Denis, kiranja, ambaye alikuwa akikimbia kwa nguvu kiasi cha kupitiliza.

Na hakuna aliyemfikia Goodness. Alikuwa mdogo wa umbo, kichwa kimenyolewa kipara, mkono wa kushoto una kovu refu la moto kutoka kiwiko hadi kifundo. Kabla darasa halijamaliza kusema vuka, yeye alikuwa amekwishafika ng'ambo na kusimama juu ya namba, mikono kiunoni, anawangoja. Theopista alimpenda mtoto huyo kuliko mwalimu anavyoruhusiwa, na hakuwa na ujanja wa kulificha.

Goodness alikuwa na kifafa. Lile kovu alilipata jikoni, kabla hajaanza dawa. Shule yake ya kwanza, mbali na hapo, ilimrudisha nyumbani baada ya kuanguka mara mbili, na mwaka mzima ukapotea. Mama yake, Martina, ambaye aliwapikia wachimbaji upande wa Bulyanhulu na kurudi nyumbani Jumapili moja moja, alimleta kwa Theopista mwezi wa kwanza akiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Vidonge viwili kwa siku, kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa moja jioni. "Akimeza kwa saa, mwalimu, haanguki," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuambiwa hapana mahali pengi. Siku zote nyingine mtoto alikuwa na babu yake mzaa mama, Mzee Maganga, mzee wa Kisukuma aliyebakiwa na mbuzi wachache na macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho.

Wazazi wa wenzake hawakupendezwa. Aliyelisema kwa mdomo wake ni Mama Ritha, muuza dagaa wa sokoni Katoro, ambaye binti yake alipangwa kukaa dawati moja na Goodness. Alisimama mlangoni mwa darasa, akasema povu la mtu wa kifafa likimgusa mwenzake linaingia, na yeye hana mtoto wa kugawa. Theopista alimweleza kwamba haliambukizi, akaeleza tena, mwishowe akasema, "Mama Ritha, niachie mimi. Mtoto anakunywa dawa. Hataanguka darasani kwangu."

"Siku akianguka," alisema Mama Ritha, "mmoja wao anaondoka, na si Ritha."

Miezi saba ilipita, Goodness hakuanguka hata mara moja. Ritha akawa rafiki yake wa kufa na kuzikana, wakigawana hadi kifutio.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa nane, wiki ya tatu ya saa, muda mfupi kabla ya uji, Goodness alianguka. Alikuwa ameinua mkono kujibu swali, mkono ukakaza hewani, akaenda chini pamoja na dawati. Theopista alimlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akamwambia Denis awatoe wenzake nje taratibu, na Denis akawatoa kwa mbio. Jumatano alianguka tena. Safari hii Ritha alipiga yowe lililosikika hadi barabarani, na kabla ya saa saba mchana mama yake alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, bado ana harufu ya dagaa, pamoja na wazazi wengine kumi na mmoja.

Mwalimu mkuu, Mwalimu George, alikuwa mtu mwema asiyependa matatizo. Alimwita Theopista watu walipoondoka.

"Kikao Ijumaa," alisema. "Wanataka mtoto akae nyumbani mpaka apone."

"Kifafa hakiponi kwa kukaa nyumbani."

"Mimi na wewe tunajua hivyo. Wao uliwaambia hataanguka, na ameanguka mara mbili ndani ya wiki. Utasema nini?"

Theopista alijua tu kwamba mtoto akirudishwa nyumbani mara ya pili, hakuna shule ya tatu. Atakaa pale uani na babu asiyeona, karibu na jiko, hadi awe mkubwa, kama atafika.

Jioni ileile alikwenda kwa Mzee Maganga, na asidhanie mtu kwamba alikwenda kwa upole. Njia nzima, kutoka barabara ya lami hadi kule kwenye mashamba ya mihogo, alikuwa akipanga maneno. Angemuuliza huyu mzee dawa anampa mtoto au anawapa mbuzi. Angemwambia kwamba kupoteza macho si kupoteza kumbukumbu. Alikuwa na hasira iliyokwisha kupikwa ikaiva, inangoja kupakuliwa tu.

"Hodi hapa. Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu! Mwadila, mayu, mwadila." Mzee alimwamkia kwa Kisukuma, akamwita mama; alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, ameijua sauti yake kabla hajafika. Akainuka nusu, akamtafuta mkono hewani, akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Wabeja, asante kuja. Goodness, lete kiti cha mwalimu. Mwalimu, umetufundishia mtoto. Siku hizi saa ya hapa anaishika yeye, mimi nasubiri kuambiwa tu."

Hasira ni kitu kigumu kukipakua mtu akiwa ameushika mkono wako hivyo. Theopista akakaa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba, mbuzi wanagombania nafasi zizini.

"Babu, nimekuja kwa habari ya dawa," alisema. "Ameanguka mara mbili."

"Nimeambiwa," alisema mzee, na uso wake ukasawijika. "Sielewi. Dawa ipo, tunafuata saa kama shule ilivyosema. Subiri umsikie mwenyewe. Mjukuu wangu, saa ngapi?"

Ndani, ukutani juu ya kitanda cha mzee, ilikuwapo saa kubwa ya plastiki yenye picha ya jogoo. Goodness aliweka stuli, akapanda, akaitazama kwa makini, kidole kikiufuata mshale mfupi. Alijua anatazamwa na mwalimu wake, akasimama wima.

"Mshale mfupi unakaribia moja," alisema. Kidole kikakata katikati ya sura ya saa hadi upande wa pili. "Navuka. Inakaribia saa saba, guku," alimwambia babu yake. "Dawa bado."

Theopista alitazama nje, jua lilikuwa limebaki ukingo mwekundu. Alitazama simu yake. Saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano, jioni. Akaitazama tena ile saa ya ukutani.

"Babu," aliuliza polepole, "hii saa yako imewekwa Kiswahili?"

"Sasa iwekwe nini?" Mzee Maganga alishangaa kweli. "Niliinunua mnadani, fundi akataka kuniwekea Kizungu, nikamkatalia. Nikamwambia mimi nataka mshale na mdomo viseme kitu kimoja. Saa moja, mshale uwe kwenye moja. Tangu marehemu bibi yake yupo, ndivyo ilivyo."

Hakuwa peke yake. Nyumba ngapi kuanzia hapo hadi Ushirombo saa ya ukutani imewekwa hivyo, na wenyewe wanaisoma bila kuvuka popote, na hakuna aliyewahi kupotea! Theopista alikuwa anazijua saa hizo tangu utoto. Wiki tatu alifundisha mada ya saa, wala hazikumjia akilini.

Mzee akaeleza yote, bila kumlaumu mtu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anaangalia: mshale ukigusa moja, mtoto anameza, asubuhi na jioni. Macho yalipokataa, akamfundisha mtoto auangalie mshale wenyewe, na mambo yakaenda. Halafu shule ikaanza saa. Goodness akarudi nyumbani, akapanda stuli, akasema guku tulikuwa tunakosea, mshale ukiwa kwenye moja ni saa saba, saa moja ni mshale ukiwa kwenye saba.

"Nikamwambia, mbona jua linazama? Mimi giza nalijua hata kwa macho haya. Akaniambia mwalimu amesema macho yanadanganya, saa haidanganyi." Mzee alitabasamu kwa haya. "Nikafikiri, huenda wasomi wamebadilisha. Mimi ni nani nibishane na shule?"

Theopista alikuwa ameyasema maneno hayo. Siku ya kwanza, mbele ya watoto mia moja na saba, kwa majivuno makubwa.

"Goodness, mama, njoo hapa," alisema. "Dawa unameza wakati gani?"

"Nikirudi shule. Mshale ukiwa kwenye saba, navuka, saa moja, nameza."

"Na cha pili?"

"Cha pili mshale unarudi kwenye saba nimelala." Mtoto akaanza kumsoma mwalimu wake usoni. "Nimekosa, mwalimu?"

Siku kumi na sita tangu waanze Vuka. Kidonge kimoja mchana, kingine hakuna, kwa siku kumi na sita, kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Theopista alimvuta kifuani, akamwambia hujakosa, umevuka vizuri kabisa, ni mimi ambaye sikukuambia kitu kimoja. Kisha akamimina maji kikombeni, akamwona akimeza, akarudi kwake gizagiza lile bila kukumbuka hata neno moja la yale aliyokuwa ameyapanga njiani. Alilia hadi barabara ya lami. Hakulia kwa kumhurumia mtu mwingine yeyote, alikuwa anajilaumu, na alikuwa na haki.

Kesho yake asubuhi alipita zahanati na Goodness. Nesi akasema dawa iendelee kama ilivyoandikwa, asiongezewe, atatulia. Mwalimu George naye, alipoelezwa, akafunga mlango wa ofisi.

"Usilete hizo habari kikaoni," alisema. "Sema babu alisahau. Mzee haoni, watu wataelewa. Ukisema ni somo lako, kesho hakuna mzazi atakayekuamini hata ukimwambia moja na moja ni mbili."

"Nikisema babu alisahau, watasema atasahau tena. Mtoto anaondoka."

"Na ukisema ni wewe?"

"Sijui," alisema Theopista. "Lakini babu hakusahau."

Alhamisi hiyo aliwakusanya watoto wake, akawaambia kuna jambo mwalimu alilisahau. Wakafurahi sana, hakuna habari tamu darasani kuliko hiyo. Aliwapa kazi ya nyumbani. Kesho kukianza kupambazuka, kila mwenye saa ya ukutani kwao aangalie mshale mfupi uko wapi. Ukiwa karibu na sita, saa hiyo unavuka. Ukiwa karibu na kumi na mbili, huvuki, unasoma ulichokiona. Na ukiwa ugenini, kabla hujafungua mdomo, muulize mwenye saa.

Ijumaa asubuhi majibu yalikuja. Watoto arobaini na mmoja walikuwa na saa nyumbani. Ishirini na mbili walikuta mshale karibu na sita. Kumi na nne waliukuta karibu na kumi na mbili. Denis na wengine wanne walisema uko palepale ulipokuwa mwaka jana, saa imekufa.

Kikao kilikaa alasiri, ndani ya darasa la pili lenyewe, wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mzee Sostenes, mwenyekiti wa kamati ya shule, alifungua kwa sala ndefu, kisha akauliza mwalimu ana la kusema. Mzee Maganga alikuwa amekaa mbele, kofia mapajani, Goodness amesimama pembeni yake. Mama Ritha alikuwa kwenye dawati la binti yake, mikono ameifumbata.

Theopista alisimama. Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ndogo, ilikuwa ndogo zaidi. Ilibidi wanyamaze ndipo wamsikie.

"Niliwaambia mtoto huyu hataanguka darasani kwangu," alisema. "Ameanguka. Babu yake hakukosea, wala mtoto hakukosea. Niliyekosea ni mimi."

Akaeleza kila kitu. Mchezo wa Vuka, saa ya jogoo, stuli, siku kumi na sita. Hakujipunguzia. Mwalimu George alikuwa anatazama dari. Alipofika kwenye maneno ya Mzee Maganga, kwamba huenda wasomi wamebadilisha, watu walianza kuangua kicheko, kisha wakajizuia, kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nani mwingine saa ya kwake imewekwa Kiswahili?" aliuliza Theopista.

Mkono mmoja ulinyooka nyuma, kisha wa pili, wa tano. Mama mmoja akapiga paja kwa nguvu. "Kumbe! Wiki mbili nagombana na mtoto, namwambia toa mbuzi ni saa mbili, ananiambia mama ni saa nane, mbuzi wamekwisha rudi!" Sasa kicheko hakikuzuilika. Baba mwingine akasema kwake mtoto aligoma kwenda kulala kwa kuwa ilikuwa mchana, na yeye akamchapa. Akasema neno hilo la mwisho kwa sauti ya chini.

Mzee Sostenes aligonga meza. "Sawa, tumecheka. Lakini swali liko palepale. Leo saa imemchanganya. Kesho je? Nani atahakikisha huyu mtoto amemeza, babu haoni na mama yake yuko mbali?"

Theopista alifungua mdomo, lakini nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, na saa moja alitakiwa awe amefika shuleni. Kila mtu alilijua hilo. Aliwatazama mmoja mmoja, akaona wanatazama chini, akaona jinsi jambo linavyoweza kufa katika chumba chenye watu wema.

Mama Ritha alisimama. Theopista akajua sasa ndiyo basi.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema Mama Ritha. Hakuwa anamtazama mtu. "Nyumbani tulikuwa tunamfungia chumbani wageni wakija. Shule hakwenda. Hospitali hakwenda, walisema ni mambo ya ukoo. Siku moja tumekwenda shamba wote, tumemwacha na jiko." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa na miaka tisa. Mimi naliogopa povu, sisemi siogopi. Lakini hata povu la huyo mdogo wangu nililifuta mimi, na niko hapa, halikuniingia."

Kwa mbali karasha zilisikika zikisaga.

"Mimi asubuhi napita kwa Mzee Maganga nikienda sokoni, na jioni napita nikirudi," aliendelea. "Kila siku ya Mungu. Nitamwona akimeza kwa macho yangu. Ritha abaki alipo."

Akageuka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, akamtazama mtoto mwenyewe. "Umesikia wewe? Nikifika saa moja nikukute umeshika kikombe."

Goodness alimtazama mwalimu wake, akamtazama babu yake, akamrudia Mama Ritha. Alikuwa amefundishwa jambo wiki hiyo, na hakukusudia kulikosea tena.

"Saa moja ya saa ipi, mama?" aliuliza.

Darasa lilipasuka kwa kicheko, hata Mwalimu George alicheka, hata Mzee Maganga, mabega yakitikisika. Mama Ritha hakucheka. Alipita katikati ya madawati hadi mbele, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mkono wenye kovu.

"Ya babu yako, mwanangu," alisema. "Sitaki tuvuke."